Mpimaji Alipopimwa: Kwaheri kwa Mama Saa wa Chumba Namba Tatu

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, Mama Saa atafunga mlango wa Chumba Namba Tatu na kukabidhi ufunguo. Siku hiyo atakuwa amekitumikia Kituo chetu cha Upimaji wa Akili kwa miaka thelathini na minne, miezi minne na siku kumi na moja. Hesabu hiyo ameifanya mwenyewe kwa kalamu ya risasi. Idara ya utumishi, iliyokuwa imempunguzia siku tisa, imelazimika kuandika fomu upya.

Katika muda huo ameketi mbele ya watu elfu kumi na moja, mia mbili na sita. Wengi wao ni watoto walioletwa na shule zao ili ijulikane wanafaa kukaa darasa gani. Amewauliza wote maswali yale yale, kwa maneno yale yale, kwa sauti ile ile. Wenzetu wenye shahada wamezisoma akili hizo kwenye majedwali. Yeye ameziona zikijikuna kichwa, zikitokwa na machozi, na mara nyingi zikiomba ruhusa ya kwenda msalani.

Hakuajiriwa kwa kazi hiyo. Alikuja kuwa mpiga chapa. Mwongozo wa mtihani unataka maelekezo yasomwe bila kuongeza neno, bila kutabasamu, bila kukunja uso na bila kutikisa kichwa, na wakati ule wataalamu watatu walikuwa wameshindwa sharti hilo kwa zamu. Wa kwanza alitabasamu. Wa pili alieleza zaidi ya alivyotakiwa. Wa tatu hakusema kitu, ila aliitazama picha sahihi kabla ya mtoto kuitazama, na watoto wa mwezi ule wakaonekana kuwa na vipaji visivyo vya kawaida. Ndipo mpiga chapa alipoombwa ajaribu. Alisoma maelekezo kama mtu asomaye orodha ya vifaa vya ghala. Mkurugenzi wa wakati huo akapiga meza kwa furaha. "Huyu ndiye! Uso wake hausemi kitu."

Alipomsimulia mumewe, ambaye ni fundi seremala, mzee huyo alicheka mpaka akashika mbavu. "Uso wako hausemi kitu? Basi hao hawajawahi kurudi nyumbani wamechelewa."

Jina la Mama Saa lilitokana na saa ya kubonyeza aliyoivaa shingoni kwa kamba nyeusi ya kiatu. Alianza kwa kuwapima watahiniwa, akaishia kutupima sote. Mapumziko ya chai yalikuwa dakika kumi na mbili, si kumi na tatu. Dereva wetu hasahau siku aliyotoka maliwatoni na kumkuta amesimama koridoni, saa mkononi. "Dakika kumi na nne, mwanangu. Unaumwa?" Dereva aliapa kuwa hajambo. "Basi usirudie. Ukirudia, nitajua unaumwa."

Chumba Namba Tatu kina meza moja, viti viwili, kabati la mafaili na dirisha linalotazama karakana ya kuchomelea vyuma. Kwa miaka mingi taarifa zetu zilionyesha kwamba watoto waliopimwa saa nne asubuhi walikuwa na umakini mdogo kuliko waliopimwa saa saba mchana. Mkurugenzi wa kwanza aliandika makala ya kurasa arobaini kuhusu jambo hilo, akilihusisha na mzunguko wa damu. Mama Saa alimwendea akamweleza kwa adabu kwamba saa saba mafundi wa karakana ile huzima mashine na kwenda kula. Mkurugenzi alimshukuru sana, akaendelea na makala.

Liko pia tukio la michemraba. Mtihani una michemraba kumi na sita ya mbao, ambayo mtoto huipanga ili ifanane na mchoro. Mama Saa alipokuwa likizo ya uzazi, mmoja ulidondoka nyuma ya kabati. Hakuna aliyeihesabu. Kwa miezi mitatu hakuna mtoto aliyekamilisha mchoro wa mwisho, na Kituo kikatoa taarifa kwamba uwezo wa kizazi kipya wa kupanga maumbo unaporomoka. Televisheni ilitajwa mara kumi na saba. Mama Saa aliporudi aliihesabu michemraba kabla hata ya kuweka mkoba chini. Ilikuwa kumi na tano. Jioni hiyo mumewe alichonga wa kumi na sita, na kufikia Jumatatu kizazi kipya kilikuwa kimepona. Taarifa ya kuporomoka haikufutwa, na mpaka leo wataalamu wanainukuu.

Wasifu huu haungekamilika bila kueleza akili ni nini. Mama Saa amefanya kazi chini ya wakurugenzi wanne, na akili imekuwa kitu tofauti kila mara.

Mkurugenzi wa kwanza, mwanahisabati, alifundisha kwamba akili ni moja, mfano wa maji katika tangi. Kila kazi ya kichwa ni bomba litokalo humo, na ukipima bomba moja umelijua tangi zima. Baada ya utafiti wa miaka kumi na miwili ilithibitika kwamba bomba linaloaminika kuliko yote ni la hesabu. Mkurugenzi wa pili, mama mwenye sauti nzuri ya kuimba, alifika na kutangaza kwamba akili ni nane, na kwamba ya muziki ilikuwa imedharauliwa. Wazazi walimpenda mno, kwa kuwa katika akili nane hakuna mtoto anayekosa hata moja. Kwa miaka minane hakutoka hapa mtoto mjinga. Walitoka tu watoto wenye akili ya kukimbia.

Wa tatu alisema kwamba wote wawili walikosea: akili hasa ni kutambua hisia za wenzako. Watahiniwa walionyeshwa picha ishirini za uso wa mtu, wakatakiwa kusema kama ana hasira, ana huzuni au ana furaha. Kwa kubana matumizi, picha zote zilikuwa za shemeji yake, mtu ambaye akioa au akifiwa uso ni ule ule. Katika nchi nzima ni mtu mmoja tu aliyepata ishirini kwa ishirini, naye alikuwa mkurugenzi mwenyewe. Wa nne, tuliye naye sasa, ambaye sote tunamwita Daktari, amerudi kwenye akili moja. Ila yake ni kasi. Mwenye akili ni yule anayejibu upesi, na Daktari hujibu upesi sana, wakati mwingine kabla ya swali.

Yafaa ieleweke kwamba kila nadharia ilimkuta mkurugenzi wake akiwa kileleni. Yafaa ieleweke pia kwamba mtihani wenyewe, kwa miaka yote hiyo, haukubadilika sana. Michemraba ni ile ile, picha ni zile zile, maswali ni yale yale. Kilichobadilika ni jina lililoandikwa juu ya jumla ya alama, na Mama Saa alilibadilisha kila alipoagizwa. Mgeni mmoja aliwahi kumwuliza ni nadharia ipi iliyo ya kweli. "Mimi, baba, nasoma maelekezo," akajibu.

Lakini alikuwa akifanya jambo jingine, ambalo wengi wetu hatukulijua. Chini ya kila karatasi ya majibu pana mistari minne yenye kichwa "Maoni ya mpimaji". Maoni hayo hayana alama na hakuna mahali yanapohesabiwa, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuyasoma. Mama Saa aliijaza mistari hiyo minne kwa kila mtahiniwa.

Kwa mfano, swali la nne huuliza: "Utafanya nini ukifika shuleni na kukuta lango limefungwa?" Mwongozo unatoa alama mbili kwa "Nitamsubiri mwalimu", alama moja kwa "Nitabisha hodi", na sifuri kwa jibu jingine lolote. Mtoto mmoja alijibu, "Nitaenda kumwamsha mlinzi, ni baba yangu mdogo, huwa analala kwenye banda la baiskeli." Alipata sifuri. Kwenye maoni Mama Saa aliandika: "Lango la mtoto huyu lingefunguliwa kabla ya mengine yote."

Kuna pia swali la kumi na moja, ambalo huonyesha mchoro wa kiatu na kuuliza kitu gani kinakosekana. Jibu la mwongozo ni tundu moja la kamba. Miaka mitatu na nusu iliyopita aliletwa binti wa miaka tisa, mtoto wa fundi viatu. Aliushika mchoro, akaugeuza ubavu kana kwamba angeweza kukiona kiatu kwa chini. "Soli haina mshono," akasema. "Hii itaachia mvua ya kwanza tu." Mchoraji kweli alikuwa amesahau mshono. Mama Saa alisubiri sekunde zilizobaki, mtoto hakuongeza neno, naye akaandika sifuri kama alivyotakiwa. Jumla ya mtoto ikawa sabini na nne. Mstari wa kuingia darasa la kawaida ulikuwa sabini na tano.

Baba yake alikuja siku ya tatu, vidole vyeusi kwa gundi. "Mama, niambie ukweli. Mwanangu ana nini?"

"Hana kitu, baba. Ana sabini na nne."

Binti alihamishiwa darasa la pembeni, ambako watoto hukunja karatasi za rangi kuanzia asubuhi hadi kengele ya mwisho. Kwenye maoni Mama Saa alikuwa ameandika: "Jibu la swali la 11 ni sahihi kuliko la mwongozo." Karatasi iliingia kabatini pamoja na nyingine.

Maoni mengine yalikuwa ya maneno mawili tu: "Anaujua mtihani." Hayo yalihusu watoto waliojibu kabla swali halijaisha. Mmoja wao hata alimsahihisha, "Bibi, umeruka ukurasa, kwanza ni picha ya mwavuli." Walitoka katika masomo ya ziada ambako kitabu chetu cha maswali kilikuwa kimenakiliwa chote na kukaririwa kwa kuimba. Mama Saa aliandika maneno hayo mara mia mbili na kumi na mbili katika miaka mitatu. Watoto hao sasa wako shule za vipaji.

Tufike sasa kwenye jambo linalotufanya tumwandikie wasifu mrefu kuliko kawaida ya jarida hili. Miaka miwili iliyopita ulikuja waraka. Kila mfanyakazi wa Kituo apimwe akili. Atakayekuwa chini ya tisini apumzishwe mwisho wa mwezi. Asiyepimwa ahesabiwe kuwa chini. Vyeo vya baadaye vizingatie alama. Daktari aliupenda waraka huo, akaweka ubao mkubwa ukumbini ili majina yapangwe kwa ngazi, na jina lake likatangulia juu kwa mia moja thelathini na nane. Mlinzi alipata tisini na sita na kwa wiki nzima alikuwa akituitikia salamu kwa kichwa tu.

Sote tulipimwa na Mama Saa. Akabaki yeye.

Alikuwa na miaka hamsini na minane, na unga wake ungeweza kumwagika kwa karatasi moja. Hakuwa mtu wa kulia ofisini, lakini alimwambia mpishi wetu neno moja: angeweza kuvumilia kutoka, ila asingevumilia kutolewa katika chumba chake kwa maneno "hakufikia kiwango", aende kuyaeleza kwa wajukuu.

Daktari aliamua kumpima mwenyewe. Mama Saa alimwonya mapema.

"Daktari, mtihani huu naujua."

"Mama, sisi tunapima akili, hatupimi kumbukumbu. Akili haifundishiki. Kaa."

Akakaa kwenye kiti cha mtahiniwa, kwa mara ya kwanza tangu aingie chumba kile. Kiti kiliyumba. "Miaka yote hii," akasema, akikishika ukingoni, "na hakuna mtoto hata mmoja aliyeniambia."

Daktari alianza kusoma, naye akamkatiza. "Samahani. Ni 'Tazama kwa makini,' halafu 'uniambie.' Ukigeuza, matokeo yanabatilika." Daktari akaanza upya. Akasahau kubonyeza saa; akakumbushwa. Mtihani ambao hutengewa dakika hamsini ulimalizika kwa dakika kumi na moja, na nyingi katika hizo zilikuwa za Daktari kutafuta kurasa. Mchoro wa kiatu ulipofika, Mama Saa alisema, "Mwongozo unataka tundu la kamba. Lakini soli haina mshono." Daktari, aliyekuwa hajawahi kukitazama kiatu kile, alikitazama.

Jedwali letu la alama linaishia mia moja na sitini. Alama za Mama Saa zililivuka jedwali zikatoka nje ya ukurasa.

Habari ilienea Kituoni kabla wino haujakauka. Mlinzi alimpokea getini asubuhi akiwa amesimama wima. "Shikamoo, Profesa!" Mpishi alimpelekea chai mwenyewe, akamnong'oneza, "Ukishakuwa mkurugenzi, mimi naomba tu jiko jipya." Ubao wa ukumbini ulifunikwa kwa kitambaa cha meza, na ikaelezwa kwamba unafanyiwa ukarabati.

Kamati ya watu watano ilikaa mara tatu. Tatizo lilikuwa hili, na tunalieleza bila kutia chumvi. Ikiwa alama hizo ni za kweli, basi mwenye akili kuliko wote Kituoni ni mama aliyekuja kupiga chapa, na kwa mujibu wa waraka anastahili kiti cha Daktari. Ikiwa si za kweli, basi mtihani unafundishika, nasi tumekuwa tukiuza maji ya bomba kwa jina la dawa. Kikao cha kwanza kiliahirishwa kwa sababu ya maumivu ya kichwa. Katika cha pili, mjumbe mmoja alipendekeza kuwa Mama Saa ni kipaji cha ajabu na apumzishwe mara moja kwa heshima zote. Cha tatu kilipitisha sentensi moja: "Matokeo hayahesabiki, kwa kuwa mtahiniwa aliujua mtihani kabla ya kuufanya."

Wajumbe walipongezana. Kisha karani wa utumishi akawakumbusha kwamba asiyekuwa na matokeo ni sawa na asiyepimwa, na asiyepimwa, kwa waraka, yuko chini ya tisini. Mama Saa alikuwa amebakiwa na siku kumi na tisa.

Hapa ni lazima tumtendee Daktari haki: si mtu mbaya. Alimwita ofisini, akafunga mlango, akamsogezea fomu. "Mama, tukuandikie mia moja. Wastani. Humzidi mtu, hupungukiwi. Weka saini tu, umalize miaka yako miwili."

Aliomba siku moja. Nyumbani, mumewe alilitazama jambo kwa jicho la fundi. "Weka saini, mke wangu. Mia moja ni alama nzuri. Mimi shuleni sikuwahi hata kuiona kwa mbali."

"Nao hawajaiona. Ndiyo shida yenyewe."

Kesho yake alirudi kwa Daktari na fomu ikiwa haina saini, na mikononi ana bunda la karatasi lililofungwa kwa kamba. Karani wa takwimu, aliyekuwa ameitwa na majedwali yake, ndiye shahidi wetu wa yaliyosemwa.

"Mia moja siitaki," alisema Mama Saa. "Hamkuipima. Nimeandika sifuri kwenye majibu ya kweli miaka thelathini na miwili kwa sababu mwongozo umesema. Leo mwongozo umesema mimi sihesabiki. Niandikieni hivyo hivyo."

"Mama, unaelewa maana yake? Unatoka!"

"Naelewa. Ila kabla sijatoka, hawa nao." Akaweka bunda mezani. "Mia mbili na kumi na wawili. Wote waliujua mtihani kabla ya kuufanya. Nimeandika kwenye kila karatasi, chini, mahali msiposoma. Hawa mbona mliwahesabu?"

"Hao ni watoto, mama."

"Na binti wa fundi viatu ni nini?"

Daktari, ambaye hujibu upesi, alimgeukia karani wa takwimu. Karani akakohoa. Alieleza, huku akilitazama zulia, kwamba mstari wa kuingia darasa la kawaida hupangwa kila mwaka kwa wastani wa wote waliopimwa. Hao mia mbili na kumi na wawili walikuwa wameuvuta wastani juu. Wakiondolewa, kama kamati ilivyoamua kwa saini na mhuri kuhusu mtu anayeujua mtihani, mstari ungeshuka kutoka sabini na tano hadi sabini na tatu.

Daktari aliinuka, akasimama dirishani akiwatazama mafundi wa karakana wakichomelea lango. Angeweza kulirudisha bunda kabatini. Lilikuwa limekaa humo miaka mitatu bila kumsumbua mtu. Alirudi mezani akatia saini. Ndiyo saini bora aliyowahi kutia, na tunaiandika hapa kwa kuwa ubaoni haionyeshi.

Kwa hiyo Jumanne moja, saa nane mchana, watoto kumi na saba walipata akili ya kutosha wakiwa wamekaa wanakunja karatasi, bila wao kujua. Barua zilitumwa shuleni. Watoto wa shule za vipaji waliachwa walipo, kwa kuwa Kituo hakikuona namna ya kumwambia mzazi kwamba mwanawe hana tena kile alichokuwa nacho. Mama Saa hakushangilia. Tulipompongeza alisema kwamba mwaka mmoja na nusu wa mtoto haurudishwi kwa barua, akatuuliza kama mapumziko ya chai yetu bado hayajaisha.

Baadaye binti wa fundi viatu alipita na baba yake kuchukua cheti. Alisimama mlangoni mwa Chumba Namba Tatu, mkoba mgongoni. "Bibi, lile jibu langu la kiatu lilikuwa kosa?"

Mwongozo unakataza kabisa mpimaji kumwambia mtahiniwa kama alipata au alikosa, siku ya mtihani au siku nyingine yoyote. Mama Saa alikuwa hajawahi kukivunja kifungu hicho.

"Halikuwa kosa, mjukuu wangu," akasema. "Lilikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyeandika sifuri."

Mtoto aliitikia kwa kichwa kama fundi anayethibitishiwa jambo alilokwisha kulijua, akaondoka. Alasiri ile ile Mama Saa alijiandikia barua ya onyo kwa kuvunja mwongozo, akaiweka katika jalada lake. Ndiyo barua pekee ya onyo iliyomo.

Kuhusu ajira yake, mambo yalikwenda hivi. Kwenye mstari wa kiwango cha akili, kamati iliandika neno moja: "Haijulikani." Karani wa utumishi aliupekua waraka kurasa zote. Ulikuwa na maagizo kwa waliozidi tisini, kwa waliopungua, na kwa wasiopimwa. Huyu alikuwa amepimwa, na tokeo lake lilikuwa limeandikwa. "Sina kisanduku cha kumfukuzia," akamwambia Daktari. Suala likapelekwa kwenye kamati ndogo ya kuchunguza kiwango chake, na wakati kamati ikichunguza, yeye aliendelea kufika kazini saa moja na nusu. Siku ya kwanza alikuja na mumewe, ambaye alikitengeneza kile kiti cha mtahiniwa.

Miaka miwili imepita hivyo. Tangu wakati huo tumepima watu wengine mia nane, na wote wametoka na namba zao. Kamati ndogo imekaa vikao sita, na ina cha saba mwezi ujao. Mama Saa ameiandikia kwamba hataweza kuhudhuria, kwani atakuwa amestaafu, ila wajumbe wasivunjike moyo. Kwa maoni ya jarida hili wanaweza kuacha. Katika majalada yote ya Kituo, hilo "Haijulikani" ndilo tokeo pekee ambalo tungeweza kuliapia.

Chumba Namba Tatu kitapewa kompyuta mbili, ambazo hazitabasamu na hazikunji uso. Hazina mistari minne ya maoni pia. Daktari ameahidi kulishughulikia hilo, nasi tutamkumbusha.

Mama Saa, asante. Asante kwa kutuhesabia dakika zetu, kwa kuihesabu michemraba, na kwa kuandika vizuri mahali ambapo hakuna aliyesoma. Wajukuu wanne wanakungoja nyumbani, na tumeambiwa kuwa wa mwisho ana miaka minne na hajanyamaza tangu ajifunze kusema. Umetumia nusu ya umri wako ukiuliza maswali ambayo majibu yake yalikuwa mapajani mwako, yamechapwa. Tunakutakia siku nyingi na njema, mama yetu, na maswali ambayo majibu yake huyajui.